Kuingia, Kutoka: Kaye Yangu ya Mulango wa Klore

Nimestaafu. Niko na miaka kumi na saba, na tangu Jumamosi iliyopita minye ni mustaafu wa kazi ya klore, ile dawa ya kuua vijidudu. Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Baba, ambaye anauza vitambaa kama alivyouza babu yake na babu wa babu yake, aliuliza kama kuna mutu anastaafu kabla ya kuota ndevu. Nikamujibu kwamba mimi ni binti yake, na kama tungengoja ndevu tungengoja sana.

Hakuna aliyeniomba kuandika. Lakini wazee wote wakitoka kazini wanaandika namna walivyofanya, na nyinyi wawili wa darasa la tatu la sekondari ambao mutashika pompi ya kunyunyizia baada yangu mutahitaji mutu wa kuwaambia kitu, juu Papa Kashindi haongei. Vyeo tunaviruka: nilipata kimoja tu, Pompiste, na nilikipata siku ya kwanza. Mushahara pia tunauruka, kama wenyewe ulivyoniruka. Nitawaambia pompi inashikwaje, nani alinifundisha, na kosa nililofanya kwa biki ya bluu. Mujue tu mapema kwamba kitu nilichofanya zaidi mu kazi hii, zaidi ya kunyunyizia, ni kushtuka. Na kubaki midomo wazi ku mulango wa klore si vizuri kwa afya.

Niliingia juu ya mugomo wa walimu. Shule ilifungwa, nikabaki nyumbani Kasenga nikisumbua watu, na wakati huohuo santre ya afya ya karibu na ziwa ilikuwa inatafuta vijana wa usafi kwa upande wa kolera, ndiyo kipindupindu. Mama alifikiri watanipa picha za kubandika ku kuta. Walinipa bote za mpira za namba ya mwanaume, aproni ya plastiki, na Papa Kashindi.

Papa Kashindi ndiye anachanganya klore. Nyusi zake ni nyeupe na nywele zake nyeusi. Nilimuuliza kama ni klore ilizipausha. Akasema ni vijana wa namna yangu. Hayo ndiyo mazungumzo marefu tuliyofanya mwezi wa kwanza. Alinionyesha maji matatu. Ya kwanza ni laini, ya mikono. Ya pili inauma, ni ya viatu na sakafu. Ya tatu siyo yako. Ukiona Papa Kashindi anabeba ya tatu, ondoka mu njia na usiulize. Kisha akanifunga pompi mugongoni.

Hii pompi mutaipenda pole pole. Mukono wa kushoto unasukuma, wa kulia unashika bomba. Pale bomba linapoungana na kibuyu linavuja, na nimelifunga kwa kipande cha glovu ya mpira. Musikifungue, hata mutu wa maana akiwaambia. Anzeni ku kisigino, mumalizie ku vidole, musipande juu ya kifundo. Mama mwenye kandambili aombwe kwa heshima kuinua mguu. Ukisimama na maji ya viatu na pua haikuumi, yamekufa, rudisha kwa Papa Kashindi. Atakutazama kana kwamba umeyaua wewe.

Halafu kuna kaye, daftari la mulango. Kwa kila ukurasa pande mbili: Kuingia, Kutoka. Niliuliza ninaandika nani. Papa Kashindi akasema, "Kila mwenye miguu." Shikeni hilo neno, tutarudia.

Siku ile ya kwanza niliona kitanda cha kolera. Ni kitanda chenye tundu katikati, na chini yake ndoo. Nilicheka. Nilimuuliza muganga mumoja kama wavivu wanaangushwa pale. Sijamaliza kucheka, pikipiki ikafika kutoka Sange na watu watatu: dereva mbele, ndugu nyuma, na katikati mwanaume amefungwa na kitenge asianguke. Macho yake yalikuwa yameingia ndani kabisa, kama mutu anayekuangalia kutoka mu chumba kingine. Nilisahau viatu vyake, nilisahau pompi, nilisahau jina langu. Masaa matatu na serumu nne baadaye, zile chupa za maji ya mushipa, yule mwanaume alikuwa ameinua kichwa anauliza kama kuna fufu ya kula. Sijawahi kuona kitu kama kile, na shuleni tunasoma fizikia.

Muganga niliyemuuliza upuuzi wangu ndiye aliyemupatia mushipa. Huyo ni Mama Sifa. Kwetu tunamwita muganga kila anayevaa bluzi nyeupe na kuchoma sindano; yeye alikuwa muuguzi wa diploma, mukubwa wa wauguzi wote wa upande wa kolera. Ni mutu wa Runingu, binti wa wakulima wa mpunga, na mikono yake ilikuwa ya mutu aliyepandikiza mpunga tangu utoto: vidole vinaenda chini haraka bila kungoja macho. Alikuwa anapata mushipa wa mutoto aliyekauka wakati wengine bado wanatafuta mukono. Kila asubuhi alisimama mbele yangu, akainua bote moja, na kusema, "Pompiste, jaza essence." Nikajaza. Cheo changu kinatoka pale: pompiste ni yule anayejazia magari essence, ndiyo petroli.

Alinifundisha vitu ambavyo havikuwa kazi yangu. Finya ngozi ya tumbo, achia. Ikirudi pole pole, kimbia kuita. Hesabu matone ya serumu kwa midomo bila sauti, ukiangalia saa. Mugonjwa anayelalamika ni muzima kuliko anayenyamaza. Na alinifundisha bila kusema kwamba mwenye bluzi hakai.

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya pale. Mu sale nzima, kile chumba kikubwa cha vitanda, kiti kilikuwa kimoja, cha plastiki ya bluu, na ni cha mulinda-mugonjwa, yule ndugu anayebaki na mugonjwa. Vitanda ni vya wenye fishi, ile karatasi ya jina na kipimo inayotundikwa ku miguu ya kitanda. Huna fishi, hulali. Huna mugonjwa, hukai. Muganga akikaa hata kidogo, familia zinanong'ona kwamba mutu wao anakwisha na yule anapumuzika. Basi waganga walisimama. Walikula wamesimama, walijaza karatasi wamesimama. Siku za kwanza nilidhani wamezaliwa bila magoti, na niliona ni kitu kizuri sana. Mungeniuliza, ningesema ndiyo ushujaa.

Kisha mvua zikaja. Muto Mulongwe ukashuka na matope, mabomba yakakauka, watu wakachota ziwani pale pale ambapo wengine wanaoga na kufua na mengine nisiyotaja. Pikipiki zilitoka bondeni mustari mzima. Sale ilijaa, mahema mawili yakajaa. Na wakati huo waganga wawili hawakuwapo tena: mumoja amejifungua, mwingine amepata kazi ngambo ya mupaka na kututumia salamu. Walisema watatuma wengine. Neno "watatuma" nimelisikia mara nyingi kuliko neno "kolera".

Jumatano moja Mama Sifa alitoka saa kumi na moja jioni. Nilimuandika. Aliniambia anaenda kulala mpaka godoro limuombe musamaha. Kesho yake kitanda cha tatu kilikuwa kitupu. Pale kalikuwapo kabinti ka miaka mine, kutoka upande wa Sange, kalikokuwa kananipigia makofi kila nikipita na pompi. Niliona Papa Kashindi anabeba maji ya tatu, nikaondoka mu njia, na sikuuliza. Nilijua baadaye tu: maji ya tatu ni ya waliokufa, serumu ilikwisha jioni ile, na aliyebaki kazini alikuwa mumoja kwa sale na mahema mawili. Mama Sifa aliingia asubuhi ile bila kusema jaza essence. Aliinua bote tu.

Tangu hapo alianza kuhesabu. Si matone peke yake. Alihesabu akitembea, alihesabu akinawa, midomo inacheza, macho hayako pamoja nawe. Sasa minye, mutu wa michezo, nilifanya nini? Nilijifunza kumuigiza. Tulikuwa vijana wanne wa usafi, na saa ya kula nilipita mbele yao nikitingisha midomo, bote zikiburuzwa, nikimuhesabia kila mumoja matone ya jasho. Walicheka mpaka chakula kikawatoka. Siku moja waliacha kucheka ghafula. Niligeuka. Mama Sifa alikuwa nyuma yangu na beseni. Nilingoja kofi. Aliuliza nimefika wapi. Nikasema sijaelewa. Akasema nimemuharibia hesabu, kama ninakumbuka namba anisaidie. Hakuwa anatania. Wenzangu walicheka tena, minye sikuweza.

Kulikuwa na siku alikuja ku mulango kutoka ndani, nikamunyunyizia, akaenda hatua tano, akarudi, akainua bote tena, akaniuliza, "Mwamini, niko naingia ao niko natoka?"

Nilimwambia anaingia kwa kurudi nyuma. Ndiyo akili niliyokuwa nayo.

Kulikuwa pia na binti yake, Sifa mwenyewe, kila siku ananiletea ku uzio sahani ya sombe, majani ya muhogo, iliyofunikwa na kitambaa safi. Ni ya Mama, alisema. Nilipokea, nilipeleka, nilirudisha sahani. Sahani ilinipita mukononi kila siku, na kichwa changu hakikuniambia kitu. Mutu anayekula kwake hatumiwi sahani.

Sasa tufike ku biki. Ijumaa moja Papa Kashindi alisema Dokta, mukubwa wa santre, ataichukua kaye Jumatatu, niiweke sawa. Nilidhani ni mambo ya usafi. Nikakaa na kuanza kulinganisha, kila Kuingia na Kutoka yake. Mama Sifa: Kuingia, Alhamisi ya wiki iliyopita, asubuhi. Kutoka: hakuna. Ijumaa hakuna kuingia, hakuna kutoka. Jumamosi vilevile. Siku tisa, jina lake limesimama upande mumoja peke yake. Kila asubuhi nilimukuta ndani, nikafikiri amefika kabla yangu. Jioni nilitoka nikamuacha, nikafikiri ananifuata nyuma. Na usiku mulango ni wa mulinzi, ambaye hajui biki inaandika upande gani.

Mungefikiri nini? Minye nilifikiri kitu kimoja: nimesahau kuandika, watanifukuza. Haikuingia mu kichwa changu hata kidogo kwamba kaye inasema ukweli. Basi nikachukua biki na kuziba. Na niliziba kwa ufundi, juu kama ni kudanganya sipendi kazi mbaya. Kutoka saa kumi na moja na dakika tano. Kesho yake saa kumi na moja kasoro. Kuingia saa kumi na mbili na nusu. Nilibadilisha musukumo wa mukono ionekane ni siku tofauti, nikaweka hata alama ya tone la maji. Na kwa vile biki ilikuwa imeshapata moto, niliziba matundu yote mengine niliyoona mu kurasa zile, jina lolote. Jumatatu Dokta aliichukua, Jumanne akairudisha. Papa Kashindi alisema imeandikwa vizuri. Ni sifa moja tu aliyowahi kunipa.

Jumatano ya wiki ile Mama Sifa alienda kumuomba Dokta siku mbili za kupumuzika. Nilimuona anaingia mu ofisi na nilimuona anatoka. Wenzangu walisema amekataliwa. Niliona Dokta ni mutu mubaya, nikamunyunyizia siku ile kwa nguvu mpaka soksi zikalowa.

Alhamisi, jua likiwa katikati ya kichwa, Papa Kashindi alinituma ndani kuuliza kama wanahitaji maji ya pili. Sale ilikuwa na kelele yake ya kawaida, ndoo na watoto. Nikapita kitanda cha saba, cha nane. Ku kitanda cha tisa nikasimama.

Mama Sifa alikuwa amelala pale. Bluzi iko, bote ziko, kitambaa cha kichwa kiko sawa. Mu mukono wake serumu inashuka. Alijichoma mwenyewe, kwa mukono wa kushoto, na hata hivyo vizuri kuliko wote. Ku miguu ya kitanda fishi imetundikwa, kwa mwandiko wake. Jina, umri, anakaa Kasenga. Kutapika: hapana. Kuhara: hapana. Pale penye sababu ya kulazwa aliandika: *kulala*.

Lakini hakulala. Macho yalikuwa wazi ku chupa, na midomo inahesabu matone yake mwenyewe.

Nilimwita. Akasema bila kunitazama, "Fishi iko, Mwamini. Usinisimamishe. Nimejiandika."

Mama wa mugonjwa wa kitanda cha nane alikuwa tayari amesimama anasema huyu haumwi, huyu amechukua kitanda cha watu, na nje kuna watu wanalala chini. Dokta akaja. Dokta wetu ni kijana, mwembamba, shati lake lina vifungo viwili tu, na sijawahi kumusikia akipandisha sauti. Ile siku aliipandisha. Alisoma fishi mara mbili. Aliuliza kama Mama Sifa anajua serumu zimebaki ngapi. Akasema ataandika barua ya maelezo, na ikifika juu, Mama Sifa hatashika tena sindano mahali popote bondeni. Kisha akaniambia, kwa vile nimesimama pale kama nguzo, nilete kaye ya mulango.

Niliileta. Hata pale sikuelewa. Nilikuwa ninakimbia nikifikiri itamusaidia.

Dokta aliifungua na kumuwekea mbele ya uso. Alimuonyesha kwa kidole: Alhamisi umetoka saa kumi na moja na dakika tano, Ijumaa umetoka, Jumamosi umetoka, kila siku unaenda kwako kabla ya giza, na wenzako wanalala wamesimama. Jana ulikuja kuniomba repo. Repo ya nini?

Mama Sifa alijiinua kidogo ku kiwiko. Alisoma pole pole, mustari kwa mustari, kama mutu anayesoma barua ya habari za kwao. Kisha akamutazama Dokta, na sauti yake ilikuwa ya mutoto.

"Basi nilitoka?"

Alirudisha kidole ku mustari wa kwanza.

"Kama iko imeandikwa, basi nilitoka," akasema. "Minye niliona kama sikutoka. Nisamehe, Dokta." Na akaanza kuvuta plasta ya serumu ili ashuke.

Nimeshtuka mara nyingi mu sale ile, lakini hizo zote ziweke pembeni. Nilimuona mutu mwenye akili kuliko wote ninaowajua anaamini biki yangu na kuukataa mwili wake. Lile tone la maji nililochora ili kaye ionekane ya kweli lilikuwa pale pale mbele ya pua yake.

Nilisema. Sijui nilianzia wapi. Nilisema ni mimi, Dokta, minye niliandika, hakutoka hata siku moja, minye niko ku mulango na hakuna mulango mwingine. Nilisema juu ya sahani za sombe. Nilisema hata juu ya kumuigiza, jambo ambalo hakuna aliyeuliza. Papa Kashindi, aliyekuwa amenifuata na ndoo yake, alisema maneno mengi kuliko ya mwezi mzima: kwamba kila asubuhi anamukuta Mama Sifa mu stoo amelalia makaratoni ya serumu, kwa muda wa saa moja ao saa moja na nusu tu, na bluzi yake inakaukia mwilini.

Dokta alimuuliza kwa nini hakwenda nyumbani. Mama Sifa alisema neno moja, akionyesha kwa kidevu. "Kitanda cha tatu." Halafu akaongeza, "Ile Jumatano nilitoka."

Nilikumbuka ile Jumatano. Ile kutoka niliiandika mimi, na ilikuwa ya kweli. Ndiyo ya mwisho.

Dokta alisimama na kaye mukononi. Alirudisha ukurasa mumoja nyuma, kisha mwingine, kidole kikishuka ku majina. Kilifika ku jina lake mwenyewe na kikabaki pale. Kutoka saa kumi na mbili. Kutoka saa kumi na mbili na robo. Alinitazama.

"Na hizi zangu?"

"Nazo, Dokta," nikasema. "Niliziba matundu yote."

Aliangalia vifungo viwili vya shati lake kama mutu anayevihesabu kwa mara ya kwanza. Kisha akafanya kitu ambacho hakuna aliyekiona mu sale ile tangu ijengwe. Alivuta kile kiti cha plastiki ya bluu na akakaa. Bluzi na yote. Mama wa kitanda cha nane, yule aliyekuwa anapiga kelele, alimutazama, akamutazama Mama Sifa, akafungua mufuko wake na kumupa Dokta ndizi. Dokta akaila amekaa.

Barua ya maelezo haikuandikwa. Iliandikwa nyingine, kwenda juu, na ndani yake aliweka kurasa za kaye yangu na mistari ya uongo imekatwa kwa biki nyekundu. Nilisimama kando yake kumuonyesha kila moja; ilichukua muda, niliwaambia nilifanya ufundi. Waganga wawili walikuja kutoka santre nyingine. Safari hii "watatuma" ilituma, na bado sijapona mushtuko. Mama Sifa aliondolewa serumu, nikamunyunyizia bote, nikaandika Kutoka, na Sifa akamushika mukono mpaka ku pikipiki. Alikaa nyumbani wiki tano. Wiki ya kwanza, Sifa aliniambia, alilala tu, akiamka anauliza kitanda cha tatu kina nani. Walimutafutia mutu wa kuongea naye, mama mumoja aliyesomea kusikiliza watu, na alienda hata kama alisema yeye si kichaa.

Minye waliniadhibu. Nilisafisha ndoo za vitanda wiki mbili, na ilikuwa haki. Halafu Dokta akanipa kazi ambayo ninyi sasa mutairithi, na ni kubwa kuliko pompi. Mwenye kaye ku mulango akiona jina limekaa upande wa Kuingia zaidi ya masaa kumi na mawili, anapiga ndoo kwa bomba na kuita jina kwa sauti, awe nani awe nani. Wa kwanza niliyemupigia ndoo alikuwa Dokta mwenyewe. Nilifurahia sana, sitaficha. Na kitanda cha tisa kina fishi yake ya siku zote, imeandikwa "Mufanyakazi", na pazia, na zamu ya nusu saa. Familia zikinong'ona, munazionyesha fishi. Fishi wanaiheshimu.

Kila Alhamisi pia, saa ya kula, wenye bluzi wanageuza ndoo tupu nyuma ya stoo wanakaa juu yake, na kila mumoja anasema kitu kimoja alichoona kilichomushinda. Mara ya kwanza walitazamana wote kama wanaingojea serumu iishe. Papa Kashindi ndiye alianza. Alisema juu ya maji ya tatu. Sitaandika alichosema, lakini tangu siku ile simutanii juu ya nyusi.

Mama Sifa alirudi asubuhi moja, amenenepa kidogo mashavuni. Alisimama mbele yangu, akainua bote, akangoja. Nilikuwa nimepanga hotuba ya kuomba musamaha, ndefu, na maneno ya Kifaransa ndani. Akaniuliza kwa uso mukavu, "Pompiste, niko naingia ao niko natoka?" Niliangalia uso wake vizuri kabla ya kuthubutu. Pembe ya mudomo ilikuwa inacheza. Nikamwambia anaingia, saa moja na dakika kumi, na nitamupigia ndoo jioni. Akasema jaza essence. Hotuba bado ninayo, anayeihitaji aniambie.

Kisha shule zilifunguka na nikaendelea kuja wakati wa vakansi za shule na Jumamosi, mpaka mwaka huu wa Exetat, ule mutihani wa mwisho, ambapo mama alisema klore ao diploma. Jumamosi iliyopita nilivua pompi. Nilikuwa nimeanza kufanya vitu vya ajabu, na sikumwambia mutu. Darasani nahesabu matone ya bomba la nje. Nyumbani nainua miguu ku mulango ningoje kunyunyiziwa. Mu chakula nasikia klore. Na kale kabinti ka kitanda cha tatu kananipigia makofi nikiwa mu hesabu za algebra. Nilifikiri ni mambo ya kucheka, nikayafanyia mchezo, wenzangu wakacheka.

Mama Sifa hakucheka. Alichukua kaye kutoka mikononi mwangu, akaanza kufungua kurasa kurudi nyuma, za mwezi huu, za mwezi uliopita, za mwaka mwingine, akipitisha kidole kama Dokta siku ile. Nilimuuliza anatafuta nani.

"Natafuta weye," akasema. "Uliingia siku gani?"

Nikainama kutafuta pamoja naye. Mwaka mumoja na miezi minane, kila mwenye miguu, wagonjwa, waganga, wauza ndizi, mbuzi mumoja kwa kosa, na mimi jina langu halimo. Hata mara moja. Hakuna siku niliyoingia. Kwa kaye ile, bado niko ndani tangu siku ya bote za namba ya mwanaume.

Basi nyinyi wawili, kabla ya kugusa pompi, mustari wa kwanza wa kila asubuhi ni jina lako. Wa mwisho wa jioni pia.

Mama Sifa aliomba biki. Alikaa chini ku kiti cha bluu, ambacho siku hizi kinakaa ku mulango, na akaandika bila haraka: Mwamini. Upande wa Kuingia aliandika siku ile ya kwanza, nilipomutajia. Upande wa Kutoka alitazama saa yake, ile ya kuhesabia matone, akaandika saa kumi na moja kamili. Kisha akajifunga pompi, akanuna kwa vile mpira wangu unavuja, akaniambia niinue mguu. Kisigino, vidole. Mwingine. Kisigino, vidole.

"Toka," akasema.

Nikatoka.